Siku Tano za Kanali Byamungu

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, mwaka 2011, Nabintu alimtuma mume wake mjini Mbarara akanunue shati jeupe na tai. Alimwambia mara tatu kabla hajatoka nyumbani: shati jipya la dukani, lenye pini zake na kikaratasi kigumu ndani ya kola. Jumatano iliyofuata walikuwa wameitwa kuhojiwa na ofisi inayoshughulikia safari za wakimbizi kwenda nchi za mbali, baada ya kungoja miaka minne, na Nabintu hakutaka mume wake akae mbele ya meza ya wakubwa amevaa nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu asiyemjua.

"Usiniletee ile ya mivumba," alisema, akifunga pesa kwenye kona ya leso. "Nguo ya mufu haiwezi kutupeleka fasi yoyote."

"Nimesikia, Mama Grâce."

"Masikio yako imesikia. Mikono yako njo sijue."

Byamungu alikuwa mkulima wa maharage, mtu mrefu, mpole, wa miaka hamsini na mmoja, anayeimba besi katika kwaya ya kanisa. Tangu wafike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu ya Kusini alikuwa amevaa mitumba kama kila mtu kambini, bila kuiangalia, kama anavyokula posho mtu ambaye hakuulizwa anapenda nini. Suruali ilikuwa suruali. Ikichanika magotini inakuwa kaptula, na kaptula ikichoka inakuwa kitambaa cha kufutia baiskeli.

Mjini aliingia dukani kama alivyoagizwa. Alinyanyua shati kwenye mwanga wa mlango, akamwona mwenye duka vizuri kabisa kupitia mgongo na kifua cha shati kwa pamoja. Akaenda duka la pili. Huko alijaribu kufungua kifungo cha juu, kikabaki mkononi mwake.

"Umeharibu," mwenye duka alisema.

"Nimeigusa tu, patron."

"Nyinyi watu ya Nakivale, kila kitu munagusa. Weka hapo, toka nje."

Alitoka masikio yakimwaka. Alitembea bila kuangalia njia mpaka akajikuta mtaa wa Nyamityobora, mbele ya baraza la mwanamke mmoja mnene aitwaye Goreti, ambaye alikuwa amefungua balo la mitumba asubuhi hiyo na kulimwaga juu ya turubai. Byamungu alisimama pale kwa sababu ya kivuli. Lakini aliona haya kusimama bure kwenye kivuli cha mtu, kwa hiyo akaingiza mkono katika rundo la nguo, kwa adabu tu.

Mkono ukagusa kitu kizito. Akakivuta. Lilikuwa koti la sufu, refu, la rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia nyeusi, lenye vifungo vya shaba vilivyochorwa taji na chini yake pembe iliyojikunja.

"Hiyo inanisumbua tangu asubuhi," Goreti alisema. "Kila mutu anasema ni ya baridi ya Ulaya. Lakini wewe mzee, nguo hapana angalia nje. Nje inadanganya. Geuza."

Byamungu akaligeuza. Hakuwa amewahi kuona upande wa ndani wa nguo kwa kukusudia. Bitana ilikuwa imeshikizwa kwa mishono midogo, iliyolala sambamba kama mistari ya maharage yaliyopandwa kwa kamba. Matundu ya vifungo yalikuwa yamezungushiwa uzi kwa mkono, moja baada ya jingine, na la sita lilikuwa safi kama la kwanza. Chini, mahali pindo lilipowahi kuchanika, mtu mwingine alikuwa amelirudisha kwa uzi wa rangi ileile, na ilibidi Byamungu apapase kwa kidole ili apajue.

"Nani alifanya hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Mutu alikuwa na wakati."

Goreti hakuwa na wateja saa hiyo, na alipenda kuona mtu anayeuliza. Alimwonyesha jinsi ya kuvuta mshono kwa vidole viwili. Alimwonyesha sketi ya kitani iliyopita mikononi mwa watu watatu na bado ina umbo lake, akamwambia kwamba mabibi wa ofisi za Kamukuzi huja kwake jioni wamevaa miwani nyeusi, wakisema wananunulia hausigelo. "Jumapili kanisani, ile nguo ya hausigelo inawakaa vizuri sana," alisema.

Saa ilipita. Byamungu alijaribu koti. Mabega yakakaa mahali pake, na mgongo wake, ambao jembe lilikuwa limeuinamisha, ukanyooka bila yeye kuuomba. Alipolivua alijisikia kama mtu aliyeshushwa kitini. Akafungua leso ya mke wake.

*

Lori la muumini mmoja wa kanisa lao, lililokuwa likirudi Nakivale, lilikuwa linapakia matofali karibu na kambi ya jeshi nje kidogo ya mji. Byamungu alikwenda huko kwa miguu. Jua lilikuwa kali, lakini koti lilikuwa zito kulibeba kuliko kulivaa, ndivyo alivyojiambia, kwa hiyo alilivaa na kufunga vifungo vyote sita.

Kwenye geti la kambi, koplo mmoja kijana aitwaye Naboth aliona mtu mrefu anakuja barabarani amenyooka, amevaa koti la vifungo vya shaba. Mkono wa Naboth ukapanda wenyewe kupiga saluti, kisha macho yake yakafika kwenye miguu ya Byamungu na kukuta kandambili.

"Wewe. Simama hapo. Wewe ni nani?"

"Mimi mukimbizi, afande."

"Mukimbizi wa jeshi gani?"

"Siko wa jeshi. Mimi niko mulimaji."

"Mulimaji na vifungo kama hii? Vua."

Byamungu akavua. Naboth akalizungusha koti, akanusa kola, akaita wenzake wawili. Mmoja alisema ni la Warusi. Mwingine alisema ni la jeshi la majini, kwa sababu ya rangi. Naboth alikuwa na aibu ya ile saluti, hakutaka jambo liishe hivihivi, akaandika jina la Byamungu katika daftari la geti.

"Afande Kemigisha ndiye anajua vitu kama hii, lakini amesafiri, anarudi Jumatatu," alisema. "Acha hii koti hapa, uende na kadi yako ya ukimbizi. Ama acha kadi, uende na koti, Jumatatu urudishe tuangalie. Usilivae. Chagua."

Lilikuwa chaguo rahisi, na Naboth mwenyewe alikwisha kunyoosha mkono kupokea koti. Lakini yule askari aliyesema ni la Warusi alikuwa amelivaa, naye akijitazama katika kioo cha pikipiki, akalifunga kwa nguvu kwenye tumbo lake mpaka mshono wa ubavuni ukalia.

"Chukua kadi," Byamungu alisema.

*

Nabintu alikuwa anachambua maharage uani alipomwona mume wake akiingia na furushi. Alilifungua. Akaangalia chini ya koti, akitafuta shati. Akakung'uta.

"Iko wapi chemise?"

"Mama Grâce, angalia ndani kwanza. Geuza."

"Nikigeuza itakuwa chemise?"

Ikabidi aeleze. Alieleza habari za duka la kwanza, za kifungo, za Goreti, na Nabintu akamsikiliza akiwa ameshika kiuno. Alipofika kwenye kadi, Nabintu akakaa juu ya gunia.

"Askari banasema koti iko ya jeshi," alirudia polepole, kwa sauti iliyovuka ua. "Banaandika jina yako. Banabakisha karte yako. Na juma tatu njo unarudi kwabo. Na juma tano tuko na interview, na bila karte hatuwezi kuingia hata kwa mulango."

"Njo vile."

"Uliacha karte, ukachukua koti."

"Karte hawawezi kuivaa," Byamungu alisema.

Binti yao Grâce, mwenye miaka kumi na saba, aliingia ndani haraka ili acheke peke yake.

Nabintu hakucheka. Alisema koti litachemshwa mara mbili katika sufuria kubwa kabla halijalala ndani ya nyumba yake, kama alivyokuwa akichemsha kila nguo ya mtumba tangu afike Uganda. Byamungu akasimama mbele ya sufuria. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwa amewahi kusimama mbele ya kitu chochote.

"Sufu haichemshwe. Itakuwa ndogo kama ya mutoto."

"Sasa uko unajua sufu."

"Leo nimefundishwa." Akakaa chini, koti magotini. "Mama Grâce, miaka kumi na tano hapa, kila kitu banatupatia kimefanywa mbio. Nyumba ya mbio, dumu ya mbio, viatu ya mbio. Huyu mutu alifanya matundu sita ya bifungo, na hakuna mutu ataangalia, na alifanya yote muzuri. Sijue kama unasikia."

Nabintu alisikia. Akasema kwamba kesho mume wake atakula matundu ya vifungo, na akarudi kwenye maharage.

*

Mukandoli, jirani yao wa upande wa mashariki, alikuwa amesimama nyuma ya ua wa matete wakati wote huo. Hakuwa mtu wa umbeya, alivyosema mwenyewe. Alisikia tu, na alisikia nusu. Usiku haujaingia, habari zilikuwa zimefika kisimani kwamba askari wa Mbarara wamemtambua Byamungu. Ijumaa asubuhi zilikwisha kufika sokoni kwamba alikuwa kanali.

Ukanali ule ulikuwa na mambo yake. Jirani wa shambani, ambaye kwa misimu miwili alikuwa ameingiza mihogo yake hatua tatu ndani ya maharage ya Byamungu, aliing'oa mwenyewe alfajiri na kusawazisha udongo. Mwimbaji wa sauti ya tenori katika kwaya, aliyezoea kumfunika Byamungu kwa sauti, siku ya mazoezi aliimba kwa unyenyekevu na kumuuliza kama mwendo wa wimbo ni sawa. Watoto walijipanga njiani na kupiga saluti. Mzee mmoja alimletea maziwa na kuomba, kwa faragha, kama anaweza kumkumbuka kijana wake.

"Mimi siko kanali," Byamungu alimwambia. "Sikupata hata kuwa mulinzi wa duka."

"Ninaelewa, mon colonel," mzee alijibu, akaangalia pande zote na kuacha maziwa.

Nabintu alikasirika mpaka alipokwenda kisimani. Kulikuwa na foleni ya madumu arobaini. Alipotokea, wanawake wakaacha kuongea, na madumu yakaanza kusogezwa pembeni, moja baada ya jingine, hadi njia ikafunguka mpaka kwenye bomba. Nabintu alisimama. Alikuwa mwanamke wa kanisa na alijua kusema ukweli. Kisha akajaza madumu mawili, akashukuru, akaenda zake, na njiani alijikuta anatembea taratibu kuliko kawaida.

Jumamosi Mukandoli alikuja kukaa naye. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Mama Grâce, mimi siko mutu wa maneno. Lakini ile ofisi, banauliza kila mwanaume kama alivaa nguo ya jeshi. Kuna familia ya zone yetu, banafunga dossier yabo juu ya photo moja. Ilikuwa photo ya baba yabo anavaa buti ya mugambo. Sasa hii habari ya kanali, ikifika kule mbele yenu..."

Hakumaliza. Nabintu aliweka kikombe chini. Alimfikiria Grâce, aliyekuwa amejifunza maneno ya Kiingereza ya kununua mkate katika nchi asiyoijua. Alifikiria miaka minne, na daftari la geti lenye jina la mume wake. Furaha ya madumu mawili ikamtoka yote kwa mara moja.

"Juma tatu nitaenda mimi na yeye," alisema. "Na huyo mama wa mivumba atakuja kutoa ushuhuda, apende asipende."

*

Goreti hakukataa. Alisema tu kwamba ana balo jipya, na hawezi kuliacha wazi barazani; wamngojee alimwage, apange, amwite dada yake alinde. Nabintu akapewa kigoda. Alikaa amekunja mikono, mgongo mbali na nguo, kama mtu aliyeketi karibu na mgonjwa wa kuhara.

Goreti alirusha nguo kwenye marundo: suruali huku, watoto kule. Blauzi moja nyeupe ikakosa rundo na kuanguka kwenye goti la Nabintu. Aliishika kwa vidole viwili ili aiondoe. Ilikuwa ya kitani, imegeuka manjano kidogo shingoni. Kwenye kingo za mikono, mtu alikuwa amevuta nyuzi za kitambaa, akaziacha wazi, kisha akazifunga nnenne kwa uzi mwembamba, mpaka mkono wote ukawa umezungukwa na uzio mdogo wa maua.

Nabintu aliijua kazi ile. Masista walikuwa wamemfundisha akiwa msichana, akaifanya kwenye vitambaa vya altare, na mara zote sista mkubwa alikuwa akigeuza kitambaa kutafuta mafundo upande wa pili, na kuyapata. Akaigeuza blauzi. Hakukuwa na fundo hata moja.

"Huyu hakukuwa na haraka," alisema, bila kumwambia mtu.

Byamungu alimwona. Nabintu alisogeza kigoda. Akaivuta sketi iliyokuwa karibu, akaangalia pindo, akaitupa: "Hii ni uvivu." Akavuta gauni. Akasogeza kigoda tena. Goreti alipomwita dada yake na kusema sasa twende, Nabintu alikuwa ameinama katikati ya turubai, mikono ndani ya rundo hadi viwiko.

"Mama Grâce," Byamungu alisema. "Saa tano imepita. Jeshini."

"Ninasikia. Subiri nione hii kola."

"Nyabo, mama yangu, hiyo blauzi utaichukua," Goreti alisema. "Nina mashati sita yamechanika, hakuna mutu wa kushona vizuri. Utakuja unishonee. Sasa simama, hao watu wanaenda kula."

*

Kapteni Kemigisha alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, aliyerudi kazini na kukuta mezani kwake kadi ya mkimbizi na maelezo ya kurasa mbili yaliyoandikwa na Koplo Naboth. Aliagiza koti litandazwe mezani. Alisimama juu yake muda mrefu.

"Si letu," alisema. "Na si la nchi ninayoijua. Naboth, kwa nini unasema ni la jeshi?"

"Afande, angalia kifungo. Kuna taji, na kuna hii pembe. Pembe ni ya kupiga asubuhi watu waamke. Huyu alikuwa mupiga tarumbeta."

"Mimi ninaimba besi," Byamungu alisema. "Tarumbeta sijue."

"Hakuna aliyekuuliza, mzee."

Goreti akatoa ushuhuda wake: kwamba koti lilitoka ndani ya balo lililofungwa kwa chuma, kwamba katika balo hilohilo kulikuwa na nguo za kuogelea, na kama koti ni la jeshi basi na zile ni za jeshi. Kapteni alimwomba apunguze sauti. Alisema hana shida na mzee, lakini jina lake limeshaandikwa, na yeye hawezi kufuta jina kwa sababu ya nguo za kuogelea. Itabidi apeleke maelezo kwa wakubwa, nao wataandikia kambi ya wakimbizi. Majibu hurudi baada ya mwezi mmoja au miwili.

Byamungu alimwangalia mke wake. Jumatano ilikuwa baada ya siku mbili.

Nabintu hakuwa akimsikiliza Kapteni. Tangu koti litandazwe alikuwa akiangalia mfuko wa ndani, wa upande wa kushoto.

"Hii mufuko haikushonwa na ule mutu," alisema.

"Mutu gani?" Naboth aliuliza.

"Mwenye alishona koti. Angalia, uzi ni ingine, na hii mukono ilikuwa na haraka. Banaiongeza baadaye. Banafunikia kitu." Akageuka kwa Kapteni. "Afande, nisaidie na wembe."

"Usikate," Byamungu alisema.

Wote wakamwangalia. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya koti.

"Baba Grâce, toa mukono."

"Ni kazi ya mutu."

"Ni kazi ya mutu mubaya. Ile muzuri iko chini. Toa mukono."

Akautoa. Naboth alileta wembe. Nabintu alikata uzi mmoja, akauvuta, akakata wa pili, akafuata mshono kama mtu anayemenya ndizi asiyotaka kuiumiza, na kona ya mfuko ikafunguka. Chini yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa muhuri wa wino uliofifia: namba, mwaka 1958, na neno refu la lugha ambayo hakuna aliyeijua. Lakini herufi nne za mwanzo zilijulikana na kila mtu chumbani.

"P, O, S, T," Naboth alisoma.

Kapteni Kemigisha alikaa chini. Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kuacha. "Koplo," alisema, akifuta macho, "umempigia saluti mtu wa kupeleka barua."

Naboth akauliza nani alimwambia habari za saluti. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kapteni alikuwa amekisia, na sasa akajua.

Kadi ikarudishwa. Kapteni akafuta jina kwa mistari miwili. Nabintu, aliyejua jinsi habari zinavyosafiri Nakivale, akaomba na barua, na Kapteni akaiandika kwa mkono wake, akaipiga muhuri. Ilisema: *Mwenye barua hii si mwanajeshi. Koti lake ni la posta. Yeye ni mkulima.*

Barua hiyo ilisomwa kisimani Jumanne mbele ya watu. Walisikiliza mpaka mwisho, wakaonekana kama waliodhulumiwa. Mzee wa maziwa hakurudi tena. Jumanne jioni, Nabintu alipopeleka dumu lake, alikuwa wa thelathini na saba.

*

Jumatano walikwenda kwenye mahojiano Byamungu akiwa na shati lake la zamani lililopigwa pasi ya makaa, koti likiwa limeachwa nyumbani kwa amri. Nabintu alivaa ile blauzi. Alikuwa ameifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, na hakuichemsha.

Mwanamke aliyewahoji aliitwa Kampire, Mganda mwenye miaka thelathini na kitu, mwenye uso uliochoka na jaketi la kijivu la ofisini. Aliwakalisha, akafungua faili, akaanza na Byamungu. Alipofika kwenye swali la sare ya jeshi, Byamungu akajibu hapana, kisha kwa sababu alikuwa mtu mkweli akaongeza kwamba alivaa ya posta kwa muda wa kutoka Nyamityobora mpaka geti la jeshi, akatoa barua.

Kampire aliisoma mara mbili.

"Nafanya kazi hii miaka sita," alisema. "Watu wananiletea barua za kila namna. Hakuna aliyewahi kuniletea barua ya jeshi ya kusema yeye si jeshi."

Aliiweka katika faili, akamgeukia Nabintu. Hapo mambo yakaharibika. Alimuuliza mwaka waliotoka nyumbani, na Nabintu akachelewa kujibu. Alimuuliza walivuka mpaka wapi, akajibu akiangalia pembeni. Alimuuliza majina ya ndugu zake, naye akayataja huku macho yamekazwa kwenye bega la kushoto la Kampire, yakishuka hadi kiwikoni, yakipanda tena. Kampire akaweka kalamu chini.

"Mama, hunitazami usoni. Kuna kitu unaficha?"

"Hapana."

"Nikiuliza, unaangalia pembeni. Mimi naandika ninachoona. Nikiandika hivyo, faili hii haitakwenda mbele. Sema sasa hivi, unaficha nini?"

Byamungu alifumba macho. Nabintu alishika kingo za kiti.

"Samahani, madame," alisema. "Ni mukono wa koti yako. Ule wa kushoto. Baliufungua kuupunguza, na kuurudisha baliugeuza, mbele ikaenda nyuma. Inakuvuta hapa, chini ya kwapa. Nilijaribu nisiangalie. Sikuweza."

Kampire alitazama bega lake. Aliinua mkono wa kushoto polepole, akaushusha. Akainua wa kulia. Alisimama, akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa.

"Mwaka mzima inanivuta," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimenenepa upande mmoja." Kisha akasema kama mtu anayeungama: "Niliinunua Kampala. Ya mivumba."

"Geuza," Byamungu alisema.

Kampire alilivua jaketi. Watatu wakaliinamia mezani, juu ya faili lenyewe. Byamungu alimwonyesha bitana, ambayo ilikuwa ya hariri na iliyoshikizwa kwa mkono, na Kampire akapita kidole juu yake, akisema hajawahi kuiona, kwamba yeye huvaa tu na kukimbia kazini. Waliokuwa wakingoja zamu nje, Mukandoli akiwa wa kwanza, waliona dirishani ofisa amebaki na blauzi, na familia ya kanali imeshika nguo yake kwenye mwanga, na hakuna aliyejua aanzie wapi kueleza.

Maswali yaliyobaki yalimalizika kwa nusu saa, na Nabintu aliyajibu yote akitazama usoni. Wiki tatu baadaye majina yao yalibandikwa kati ya waliopita hatua ile. Zilibaki hatua nyingine tatu, na hakuna aliyeweza kusema zingechukua miaka mingapi. Grâce aliendelea na Kiingereza chake. Nabintu alianza kwenda Nyamityobora kila Jumatatu na kikopo cha sindano, na Byamungu alimfuata, kwa kisingizio cha kubeba kikopo.

Lakini siku ile, Kampire alipofunga faili, alisema kama alivyomwambia kila mtu aliyekaa kwenye viti vile: "Mrudi nyumbani. Tutawaita." Kisha akaangalia jaketi lililokunjwa vizuri kwenye magoti ya Nabintu, akasita. Alisema haruhusiwi kuchukua kitu chochote kutoka kwao.

"Hauchukue kitu, madame," Byamungu alisema. "Sisi njo tunachukua."

Kampire alifikiri juu ya hilo na hakuona kosa. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, mikono wazi, akihisi baridi kidogo.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

Nabintu alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili nje. Aligeuka, akaliweka jaketi vizuri kwapani. Alifikiri juu ya mshono ule, ambao ungetaka kufunguliwa wote hadi begani.

"Urudi kazini, madame," alisema kwa upole. "Tutakuita."